Cheti cha Mtamba

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho yako yamepata kupumzika kidogo na hiyo hadubini. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti langu ambalo siku hizi lina maamuzi yake.

Mtamba uliyeninunulia alifika. Lori lilikwama kwenye matope siku nzima, akashuka amechoka kuliko mimi, akasimama katikati ya ua akatutazama kama mgeni aliyeonyeshwa nyumba siyo. Kimya, mkamuaji wetu, alimshika kamba akampeleka bandani bila neno. Unamjua. Miaka ishirini na sita amekamua ng'ombe wa nyumba hii, tangu baba akiwa hai, na ukijumlisha maneno yote aliyowahi kuniambia hayajazi ukurasa huu. Lakini jioni ile alifunga mlango wa banda, akasema, "Huyu ana mgongo mzuri." Nikajua amempenda. Amempa jina la Bi Harusi kwa ajili ya mwendo wake wa pole.

Sasa ni sita bandani, na wawili wana mimba. Mvua haijatupa nafasi. Nyuma ya banda maji yametuama tena, kila siku najiambia kesho nitachimba mfereji, na kila kesho ina kazi yake.

Ahsante, mdogo wangu. Yule ng'ombe mkongwe alipokauka maziwa nilikuwa nimeanza kufikiria kuachana na ng'ombe kabisa. Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko mjini. Nikiwaambia unapima damu na mikojo ya ng'ombe, wanadhani tumegombana.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi nipo, namshukuru Mungu, nasukuma siku.

Huku maabara tumebaki wawili katika chumba kilichokuwa cha watu watano. Mmoja amestaafu, mmoja amejifungua yuko likizo, na mmoja alikwenda kusoma akasahau kurudi. Asubuhi nikifika nakuta trei za vichupa zimejaa meza mpaka kwenye kiti changu, kwa hiyo nafanya kazi nimekaa kwenye stuli. Mchana nikifumba macho baada ya chakula, bado naona vitone vinang'aa.

Karatasi za mtamba, pamoja na cheti chake cha afya, ziko kwenye bahasha aliyokuja nayo dereva. Ziweke vizuri, daktari wa mifugo akipita ataziomba. Niliharakisha mwenyewe zitoke, maana lori lile lingemwacha, na jingine la mifugo la kuja upande wenu lingekuwa baada ya mwezi.

Usinishukuru. Mimi nimesomeshwa na kiwele. Ulikuwa unakamua kabla ya kwenda shule, halafu ukawa unakamua tu, shule ukaniachia mimi. Mtamba mmoja si kitu.

Mpe Kimya salamu zangu. Asiponijibu nitajua amezipata.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima, nafikiri. Sijapata muda wa kujiuliza.

Yule mweusi mwenye pembe moja ametupa mimba ya miezi saba. Nikasema labda ameteleza, sakafu ya banda imelowa. Siku nne baadaye binti yake naye akatupa. Hao wengine maziwa yamekatika kama umefunga bomba. Yale machache yanayotoka ni mazito, ya rangi ya chungwa, na kiwele kimelegea kama mfuko mtupu, wala hakijavimba, wala hakiumi ukikishika. Tangu nizaliwe sijaona kitu hiki. Bi Harusi peke yake ndiye anakula na kucheua kama hakuna lililotokea.

Kimya alihangaika karibu saa mbili na ndama mfu wa yule wa pili, mkono umezama mpaka begani. Kondo la nyuma likagoma kutoka, akalichomoa kidogo kidogo kwa vidole. Alikuwa na mkwaruzo wa waya kwenye kiwiko, bado mbichi. Nikamwambia aende akaoshe. Akanionyesha kwa kichwa kwamba akimaliza. Alipomaliza alikaa chini, akasema, "Alikuwa jike." Basi.

Daktari wa mifugo amekuja, ametoa damu kwa wote sita. Anasema akiipitisha kwenye ofisi yake itachukua miezi, kwa hiyo nimempa dereva wa lori la maziwa aje nayo kwako moja kwa moja, kwenye lile boksi la barafu. Namba nimeziandika mwenyewe kwenye vichupa. Kama mwandiko haufai utanisamehe, nilikuwa naandikia juu ya goti.

Tafadhali zisikae kwenye foleni.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Damu haikukaa kwenye foleni. Ni vijidudu vinavyoitwa leptospira. Ni virefu, vyembamba, vimejisokota kama parafujo. Sisi huku tunavifuga hai kwenye vichupa na kuvilisha kila wiki kama kuku, kwa ajili ya kipimo. Ukivitilia maji ya damu ya mnyama aliyeambukizwa, vinashikana makundi makundi. Kwa damu ya kwenu vimeshikana, ya ng'ombe wote sita.

Sasa nisikilize. Vijidudu hivi vinakaa kwenye figo na kutoka na mkojo. Vinapenda tope na maji yaliyotuama. Vinaingia kwa mtu pia, kupitia mkwaruzo, macho, mdomo. Msiingie bandani bila mabuti na glovu. Maziwa yachemsheni mpaka yafure, msionje mabichi. Ndama wale kama hamkuwazika, wazikeni mbali na maji. Nimemwandikia daktari wa mifugo dawa ya sindano na kiasi chake, karatasi iko humu ndani.

Chanzo kinaweza kuwa panya, au lile dimbwi la nyuma. Lifukieni.

Kimya anaendeleaje? Mwambie akipata homa, hata ndogo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imefika siku mbili baada ya Kimya kuanguka.

Ilianza kama homa ya kawaida. Alikuja kukamua akitetemeka, nikamfukuza arudi kwake, akakaa kwenye ndoo akakamua hadi mwisho. Kesho yake hakuja. Miaka ishirini na sita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia mlango wa banda ukifunguliwa na mkono wangu. Nikaenda kwake. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa anamkanda misuli ya miguu kwa maji ya moto, naye mzee wa watu anauma shuka. Macho mekundu. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Siku ya tatu yale macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, halafu haukuja tena. Sasa yuko hospitali kubwa. Wanasema ini, kisha wanasema wanasubiri mashine ya vipimo itengenezwe.

Nimewaonyesha barua yako. Daktari kijana aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Huyu mdogo wako ni daktari wa watu?" Nikamwambia hapana. Akanirudishia.

Nimelifukia dimbwi. Peke yangu, siku mbili, kwa koleo la baba. Wakati nafukia nilikuwa nahesabu kila siku niliyosema kesho. Nilianza kusema hivyo mwezi wa kwanza. Kama ningechimba ule mfereji, Kimya asingekuwa pale alipo. Huhitaji kunijibu hilo. Nimeshajijibu.

Nawatunza wote sita sasa, nakamua, na maziwa namwaga, kwa kuwa hata yakichemshwa hakuna anayeyataka kutoka kwangu.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika upesi, dereva anangoja.

Nimempigia simu yule daktari wa hospitali jana na leo asubuhi. Leo alinisikiliza. Nimemsomea majibu ya ng'ombe, na nimemwambia mgonjwa wake aliwashika kwa mikono mitupu akiwa na kidonda. Amekubali kumbadilishia dawa, na ameniahidi kumpeleka kwenye mashine ya figo. Fuatilia kila siku. Wasipokujibu kaa mlangoni.

Dimbwi usilifikirie. Nakuomba.

Mdogo wako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, na ya kwangu sitaisema.

Acha kujilaumu. Panya wa kwetu wapo tangu sisi watoto, na dimbwi lile lipo kila mvua zikinyesha, na hakuna ng'ombe wa baba aliyewahi kutupa mimba kwa ajili yake.

Mnyama wa kuuzwa akitolewa damu, kichupa kimoja hubaki kwenye friza mwaka mzima. Jumatano nilifungua friza nikakitafuta cha Bi Harusi. Kilikuwa trei ya tatu, namba yake kwa mwandiko wangu. Nikakiyeyusha, nikapima. Nilipima mara tatu kwa sababu nilitaka niwe nimekosea. Damu ile ilitolewa siku sita kabla hajapanda lori. Alikuja nao huo ugonjwa, dada. Alishuka nao kwenye ua wetu.

Utaniuliza, na cheti? Cheti kina mistari minne, kila ugonjwa mstari wake. Mitatu ya kwanza ilipimwa kweli. Wa nne ndio huu. Juma lile vijidudu vyetu vya kupimia vilikuwa vimeingiwa na kuvu, nikavimwaga, na vipya vingekuwa tayari baada ya siku tisa. Lori lilikuwa linaondoka baada ya siku mbili. Mezani nilikuwa na trei kumi na nne. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu hauandiki. Mimi ndiye niliyeandika. Kwenye mstari wa nne niliandika "Hana", nikagonga muhuri, nikatia saini. Nilimtazama pale uani kwa aliyemuuza, nikaona anang'aa manyoya, nikajiambia huyu hawezi kuwa na kitu.

Na liko jingine. Ulipoleta damu ya ng'ombe wote sita, ya Bi Harusi ndiyo iliyoonyesha kiwango cha juu kuliko zote, kama ya aliyeugua wa kwanza. Nilielewa pale pale. Nikakuandikia habari za panya. Siku ile sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, na ndivyo nilivyofikiri.

Unaweza kumwonyesha barua hii mtu yeyote unayemtaka.

Mdogo wako


10 Mei

Dada,

Shikamoo. Dereva anasema barua yangu alikukabidhi mkononi. Kila lori likija nashuka ngazi, naye siku hizi ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijamfikia, ili nisijisumbue kuvuka barabara.

Nimepiga simu hospitali kuuliza habari za Kimya. Nesi akasema mgonjwa huyo hayuko wodini. Nikamuuliza ameruhusiwa? Akasema yeye ndio kwanza anaanza zamu. Nikapiga tena kesho yake, simu ikalia mpaka ikakatika. Sijapiga tena. Naogopa watapokea.

Nimemwambia mkuu wa maabara. Nilimpelekea cheti na majibu ya kile kichupa, nikaviweka mbele yake. Akavisoma, akavua miwani. Akasema, "Nani amekuuliza?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Sasa umenipa kazi." Naye amechoka, dada. Alikuwa na faili mbili kwapani wakati ananisikiliza.

Siku ile nilisaini mitamba mitano, siyo wa kwako tu. Nimewatafuta wenyewe wanne waliobaki kwenye daftari la mauzo na kuwaandikia mmoja mmoja. Wawili wamejibu. Wa kwanza hana tatizo, damu ya mtamba wake ni safi. Wa pili, ng'ombe wake watatu wametupa mimba, na ana mke mjamzito anayekamua. Nimemwambia mkewe asikanyage bandani, na nimewatafutia mtu wa kuwapima wote. Bado nangoja majibu yao.

Mimi sisaini tena. Naosha vyombo na kulisha vile vijidudu, nikisubiri kuitwa kwenye kamati.

Siombi unijibu. Nilitaka tu ujue nipo hapa.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi nipo.

Kimya alifariki tarehe 27 Aprili, saa nne asubuhi. Walimpeleka kwenye mashine mara mbili. Mara ya pili alirudi akiwa na rangi nzuri, tukadhani amevuka. Dawa ilikuwa ndiyo yenyewe, daktari ameniambia, ila ilianza figo zikiwa zimeshasimama. Kama si simu yako asingeipata kabisa. Ananiambia hivyo kama mtu anayenipa zawadi.

Barua yako ilinikuta siku nne kabla. Niliisoma nimekaa kwenye benchi la wodini, nikaiweka mfukoni, nikaingia nikamlisha uji. Kila siku nilikwenda nayo. Nilidhani nitamsomea. Alikuwa ananitazama anataka habari za ng'ombe, nikamwambia wanaendelea vizuri, mweusi ameanza kutoa maziwa meupe, naye anafumba macho. Sikumsomea. Usiniulize kama nilifanya vizuri.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, mkono uliandika matusi, na mimi sijawahi kukutukana kwa maandishi. Nimeshachana karatasi nyingi. Sasa sina hasira hata ya kuchana. Nimechoka tu. Naamka saa kumi na moja, nakamua, nasafisha, nachoma sindano, jua linazama.

Bi Harusi yupo. Daktari wa mifugo amesema akimaliza dawa anaweza kubaki, nimemtenga nyuma ya ghala. Nilitaka aondoke nisimwone. Halafu nikafikiri, yeye kosa lake nini, na cheti anacho.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Kabla hajafa Kimya alimwambia mkewe, "Ni mimi. Sikuosha mkono." Hayo ndiyo aliyomwachia. Na Mama Pacha ameyashika. Watu wakija kumpa pole anawaambia mume wangu amekufa kwa uzembe, dada wa watu alimwambia aoshe kidonda akakataa. Ananitaja mimi kama shahidi. Juzi alisema hivyo mbele yangu, kwa uchungu kama anamgombeza aliye hai, na mimi nimekaa pale, barua yako iko nyumbani kwenye kopo la sukari.

Mimi sitamwambia kwa niaba yako. Nimekubebea mengi tangu ukiwa mdogo, hili siwezi. Utakuja mwenyewe, utakaa chini mbele yake, utasema kwa mdomo wako. Nimemwambia kuna mtu atakuja na neno kuhusu mumewe Jumamosi ya tarehe 16. Hakuuliza ni nani.

Dada yako


23 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Najua ulifika salama, dereva ameniambia ulilala njia nzima kichwa kimegonga kioo.

Hatukuzungumza vizuri uliponifikia, na ulipoondoka hatukuzungumza kabisa. Sikuwa nimekununia.

Ulimwambia Mama Pacha yote, nakupa hilo. Hukujificha nyuma ya trei kumi na nne. Nilikuwa nimejiandaa kukukatiza ukianza kusema umechoka, hukusema. Na yeye alivyokuangalia miguu tu mpaka ukainuka, nikajua ulitoka pale ukiamini amekukataa. Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Alikaa. Chai ikapoa. Kisha akaita wale mabinti zake pacha wote wawili, akaniambia niyarudie uliyosema, neno kwa neno, wayasikie. Nikayarudia. Akawaambia, "Mmesikia. Baba yenu alifanya kazi yake kama alivyoifanya siku zote." Ndipo akalia, mdogo wangu. Kwenye mazishi hakulia, alikuwa amemkasirikia. Siku ile ndiyo alimlilia mumewe.

Tangu hapo amepita nyumba kwa nyumba, zile zote alizokuwa amesema uzembe, anafuta maneno yake. Mwendo mrefu, na jua hili. Nimemwambia apumzike, hataki.

Jana alikuja bandani. Alisimama mlangoni nikikamua, akaniuliza, "Hivyo vidudu vikoje?" Nikamwambia vimejisokota. Akasema, "Vikubwa kiasi gani?" Nikamwambia havionekani. Akanitazama kama ninamfanya mtoto. "Mdogo wako si anaviona?" Nikasema ndiyo, kwa chombo. Akasema, "Basi na mimi nitaviona."

Anataka kuja huko. Nimejaribu kumweleza ni mbali, ni ofisi ya serikali, huenda wasimruhusu, na wewe mwenyewe una kesi. Hajanisikiliza. Anakuja na lori la maziwa la tarehe 5 Julai. Mpokee.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama Pacha amekwishafika huko, na huenda ameshakueleza mwenyewe, ila nataka na mimi nikuandikie jinsi ilivyokuwa.

Niliomba ruhusa kwa mkuu wa maabara. Nilidhani atanikatalia. Alisema tu, "Mjane wa yule?" Akanipa ufunguo wa chumba cha pili, ambacho hakina watu mchana, akasema yeye hajaona kitu.

Alifika amevaa vizuri, kama anayekwenda kanisani au ofisini, na mkoba ameukumbatia kifuani. Nilimpa koti jeupe, likawa kubwa, akaikunja mikono ya koti mara mbili bila kuniuliza. Nilimwonyesha mahali pa kukaa. Nikaweka tone la vijidudu vyetu hai kwenye kioo, nikafunika, nikaweka sawa ile hadubini ya giza, ambayo ndani yake kila kitu kinakuwa cheusi na vijidudu peke yake ndivyo vinavyong'aa. Nikamwambia aweke jicho, asipumue kwenye kioo.

Mwanzo hakuona. Alisema ni giza. Nikageuza kidogo, nikajua ameviona, kwa sababu mkono wake ulishika ukingo wa meza.

Dada, sijui nimevitazama mara ngapi katika maisha yangu. Kila siku ya kazi, miaka kumi na tisa. Sijawahi kusimama kando ya mtu anayevitazama kwa sababu hiyo. Alikaa pale muda mrefu. Mgongo haukusogea.

Akasema, "Vinazunguka."

Nikasema ndiyo, mama, hivyo ndivyo vinavyokwenda. Vinajizungusha kama parafujo inavyoingia kwenye mbao.

"Na huku mwisho vimejikunja."

"Ndiyo. Kama ndoana."

"Vingapi hapa?"

"Kwenye tone hili? Maelfu."

Kisha akaniuliza bila kutoa jicho, "Vinajua vinachofanya?"

Nikamwambia havijui kitu. Vinatafuta mahali pa kuishi tu.

"Na wewe siku ile ya muhuri?"

Nikasema, "Mimi nilijua sijapima."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Akatoa jicho kwenye hadubini, akalifuta kwa kiganja. Akavua lile koti, akalikunja vizuri sana, akaliweka kwenye kiti. Akaosha mikono. Hakuwa amegusa kitu, lakini aliiosha mpaka viwiko, kwa sabuni, muda mrefu. Mimi nilimshikia taulo.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Sidhani kama alikuja kwa ajili hiyo.

Tulitembea mpaka yanakoshushwa maziwa. Nilitaka kumbebea mkoba, akakataa. Lori lilikuwa halijamaliza kushushwa mzigo, tukakaa kwenye makreti yaliyogeuzwa. Nikamweleza habari za yule mwenye mtamba wa pili: amepimwa, mkewe amepimwa, mke na mimba wazima. Akasema, "Huyo ulimwandikia mapema?" Nikasema mapema kidogo. Akasema, "Vizuri." Baada ya hapo tulikaa tu. Alikuwa amechoka na safari, na mimi nilikuwa nimechoka, na nilikuwa sijisikii vibaya kukaa pale kimya pamoja naye. Nafikiri ndivyo ilivyokuwa kukaa na mumewe.

Dereva alipowasha gari alipanda mbele, akafunga mlango, kisha akashusha kioo. Akaniambia, "Dada yako anatunza ng'ombe sita peke yake. Asubuhi hawezi kuinuka kwenye ndoo, mpaka ashike mguu wa ng'ombe. Mimi nimemwona. Yeye hatakwambia."

Gari likaondoka.

Kamati imeniita jana. Wamenisimamisha miezi mitatu, halafu wataamua kama nitarudi. Waliposema hivyo walinitazama wakisubiri nijitetee. Nikauliza kama adhabu inaweza kuanza siku hiyo hiyo.

Nimekabidhi funguo. Nimemfundisha yule mwenzangu siku za kulisha vichupa. Nguo zangu ni chache, zimeingia kwenye begi moja. Ninakuja na lori la Ijumaa, hili hili linalokuletea barua hii, kwa hiyo dereva atakukabidhi bahasha na mimi nitakuwa nyuma yake nikishuka. Usihangaike kujibu. Nionyeshe tu nianze kumkamua yupi.

Mdogo wako